Mexico ya Akhwari tunaijua, Edinburgh je?

Muulize mwanafunzi yeyote wa sekondari hapa Moshi habari za John Stephen Akhwari, atakusimulia bila kukwama. Mwaka 1968, Olimpiki ya Mexico, mbio za marathoni. Yule mtu wa Mbulu kaanguka njiani, goti limeteguka, kafungwa bandeji, kaendelea. Kaingia uwanjani giza limeshatanda, zaidi ya saa nzima tangu Mamo Wolde wa Ethiopia amalize wa kwanza. Wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Na jibu lake kwamba nchi haikumtuma kwenda kuanza mbio bali kuzimaliza, tumelikariri kama shairi la darasa la tano.

Sasa muulize mwanafunzi huyohuyo Akhwari alifanya nini baada ya goti kupona. Hapo utaona anatazama pembeni. Julai 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, akashika nafasi ya tano. Kule Mexico alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Hata ukikumbuka kwamba Mexico ni mji wa juu sana ambako hewa ni nyepesi, bado mtu aliyepunguza zaidi ya dakika 70 miaka miwili baada ya goti kutoka mahali pake amefanya jambo kubwa kuliko kuchechemea hadi mstari wa mwisho. Nani alimtibu? Alianza lini kukimbia tena, na kwa kilomita ngapi? Nani alimzuia siku ambazo alitaka kuharakisha? Hayo hatuyasimulii. Tumechukua bandeji, tumeuacha mguu.

Nataka kuzungumzia vijana wetu wanaovunjika na namna wanavyorudi uwanjani, na nimelianzia mbali kwa sababu ya mchezo ambao wengi wetu hatuuchezi. Besiboli hapa nchini bado ni changa. Wajapani ndio waliotushika mkono, na hata mashindano yetu ya taifa yamepewa jina la Koshien, kama yale ya vijana wa sekondari wa kwao. Kule Marekani, habari ya kijana aliyepata ajali mbaya kisha akarudi uwanjani hutokea kila msimu, na husimuliwa kwa machozi na makofi kama tunavyosimulia sisi ya Akhwari. Tofauti ni kwamba besiboli ni mchezo wa makarani. Kila mpira unaorushwa unaandikwa, kila mpigo unahesabiwa, na vitabu vinatunzwa zaidi ya miaka 100. Kwa hiyo mtu akikuambia fulani alirudi, unaweza kufungua daftari ukaona alirudi vipi, wapi, na kwa muda gani. Ukifungua, utakuta kurudi kwenyewe hakufanani na masimulizi.

Chukua Monty Stratton. Alikuwa mrushaji, yaani yule anayemtupia mpigaji mpira, wa Chicago White Sox, timu ya Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani, akashinda mechi 15 mwaka 1937 na 15 nyingine mwaka 1938. Novemba ya mwaka huohuo wa 1938 alikwenda kuwinda sungura kwao Texas, bastola yake ikafyatuka, risasi ikaingia mguu wa kulia. Mguu ukakatwa. Alikuwa na miaka 26. Mwaka 1946, akiwa na mguu bandia, alirusha msimu mzima na kushinda mechi 18. Watu huishia hapo, wakapiga makofi. Ila zile mechi 18 hazikuwa za Ligi Kuu. Zilikuwa za Sherman, timu ya mji mdogo wa Texas, katika mojawapo ya ligi za chini kwenye ngazi zao. Ligi Kuu hakurudi tena.

Mimi sioni kwamba hilo linampunguzia Stratton chochote. Linatuonyesha kitu kingine: kulikuwa na mahali pa kurudi. Marekani ya miaka ile ilikuwa imejaa ligi za miji midogo, ngazi juu ya ngazi, na mtu wa mguu mmoja aliweza kutafuta ngazi inayomfaa akasimama hapo. Bila Sherman, moyo wa Stratton ungebaki nyumbani kwake ukirusha mpira ukutani.

Pete Gray naye alipoteza mkono wa kulia utotoni katika ajali ya gari, akajifunza kudaka na kupiga kwa mkono mmoja, na mwaka 1945 akacheza mechi 77 za Ligi Kuu akiwa na St. Louis Browns. Ni ajabu kweli. Lakini mwaka 1945 wachezaji wengi walikuwa vitani. Mwaka uliofuata wakarejea, na Gray hakuwa na nafasi tena. Vita vilimfungulia mlango na amani ikaufunga. Juhudi zake zilikuwa zilezile miaka yote miwili.

Anayenisumbua zaidi ni Tony Conigliaro wa Boston Red Sox. Agosti 18, 1967, akiwa na miaka 22 tu na tayari nyota, mpira ulimpiga usoni, ukavunja mfupa wa shavu la kushoto na kuliharibu jicho. Mrushaji anasimama mita 18 tu kutoka kwa mpigaji, na mpira wa Ligi Kuu huweza kupita kilomita 140 kwa saa, kwa hiyo hakuna muda wa kukwepa. Msimu wote wa 1968 hakucheza. Mwaka 1969 alirudi, akapiga mipira 20 ikavuka uzio, mpigo unaotamaniwa kuliko yote katika besiboli, na mwaka 1970 akapiga 36. Kwa takwimu, huo ndio ulikuwa msimu wake bora. Kila mtu alifunga faili: kijana karudi. Mwaka 1971 macho yalimkatalia, akaacha. Akajaribu tena kidogo mwaka 1975, ikashindikana. Waliomwangalia walihesabu mipigo, na jicho likaendelea na mambo yake kimyakimya.

Na yupo Tommy John, mrushaji, ingawa yake haikuwa ajali bali kuumia kazini. Mwaka 1974 kano ya kiwiko cha mkono wake wa kurushia ilikatika. Septemba 25 mwaka huo daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono mwingine akaipandikiza kwenye kiwiko, jambo ambalo hakuna mrushaji aliyewahi kufanyiwa kabla yake. Mwaka mzima wa 1975 John hakucheza mechi hata moja. Alirusha mazoezini, polepole, akijifunza upya namna ya kurusha, akarudi Aprili 1976. Baada ya hapo alishinda mechi 164, nyingi kuliko alizoshinda kabla ya kisu, na akastaafu mwaka 1989 akiwa na miaka 46. Operesheni ile leo inaitwa kwa jina lake. Wengi husifu kisu cha Jobe, na kinastahili. Binafsi ninausifu ule mwaka 1975, mwaka ambao hakuna mtu aliyemwambia, "Jaribu tu mechi moja, tunakuhitaji."

Kwa sababu hapa kwetu sentensi hiyo ndiyo inayowaumiza vijana.

Tuanze na ajali yenyewe. Ukitaka kujua kijana wa Kilimanjaro anavunjikaje, huna haja ya kuuliza sana. Simama jioni pale mzunguko wa Mnara wa Saa, au barabara ya kupanda Marangu, au Arusha kwenye makutano ya Sakina, uhesabu bodaboda zilizobeba wanafunzi wawili wawili bila kofia ngumu. Wodi za mifupa zina wachezaji wengi kuliko baadhi ya klabu.

Na kwa kweli, katika kuunga mfupa, hatuko nyuma kama tunavyopenda kujidharau. Hospitali ya KCMC hapa Moshi ipo tangu 1971. Ndani ya eneo lake kuna TATCOT, chuo ambacho tangu 1981 kinafundisha mafundi wa viungo bandia, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Fikiria hilo kidogo: kijana wa Kiafrika aliyepoteza mguu katika nchi ya mbali huenda anatembelea mguu uliotengenezwa na fundi aliyesomea hapa Moshi. Kule Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, kuna Plaster House, nyumba inayowalea watoto waliofanyiwa upasuaji wa viungo hadi wapone vizuri ndipo warudi makwao, kwa kuwa kumrudisha mtoto mwenye plasta kwenye boma la mbali ni kuualika uchafu na maambukizi. Waliobuni ile nyumba walielewa kwamba upasuaji ni nusu ya kazi.

Nusu ya pili inaanzia getini.

Binti wa kidato cha tatu, mchezaji wa netiboli, ameanguka na bodaboda, mfupa wa juu wa mkono wa kulia umevunjika. Amewekewa chuma. Anatoka na karatasi ya tarehe ya kliniki na maagizo ya mazoezi. Nyumbani kwao Pasua mama yake amekata kipande cha tyubu ya baiskeli, amekifunga kwenye nondo za dirisha. Binti anasimama ubavu, kiwiko amekibana kiunoni, kati ya mkono na mbavu wamemkunjia khanga ili kiwiko kisitoroke, anaivuta ile tyubu kuelekea nje, taratibu, kisha anairudisha taratibu zaidi. Mara 15, apumzike, mara 15 tena. Mama yupo kwenye kigoda na visosi viwili, kila mvuto anahamisha punje moja ya maharage, maana binti amezoea kuruka hesabu. Bega limesinyaa, ukiliangalia kwa nyuma unaona mfupa ulivyojitokeza. Hakuna kinachovutia hapo, hakuna wa kupiga picha, na kazi hiyo inatakiwa kufanywa kila siku kwa miezi.

Mwalimu wa michezo anapiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, pita."

"Nimekuja kumwona mchezaji wangu. Mashindano ya wilaya yamekaribia, mama."

"Mwalimu, daktari kasema bado."

"Najua, mama. Mimi nasema mazoezi mepesi tu, azoee wenzake. Huyu ni jasiri, ataweza."

Mwalimu huyu si mtu mbaya. Nawafahamu walimu wa aina yake, wanaonunua mipira kwa mshahara wao na kuwapa watoto nauli. Lakini UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ina kalenda yake na mfupa una ya kwake, na mwalimu hapimwi kwa mfupa. Anapimwa kwa kikombe. Hivyo anatumia kifaa alichonacho, nacho ni sifa. Ukishamwita mtoto jasiri mbele ya mama yake, umemfungia njia ya kusema bado ninaumwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaoandika habari za kurudi kwa vijana kana kwamba ni mtihani wa moyo. Moyo vijana wetu wanao, tena kupita kiasi. Mtoto wa miaka 16 ukimwachia aamue, atarudi uwanjani na chuma kinachungulia. Anachokosa ni mtu mzima mwenye karatasi, na ratiba inayotembea kwa hatua.

Turudi besiboli kidogo, maana hapa ndipo inapotuzidi. Tangu mwaka 2007 ligi ya watoto ya Marekani, Little League, haiwahesabii warushaji vipindi vya mchezo bali mipira. Mtoto wa miaka 11 au 12 hairuhusiwi arushe zaidi ya mipira 85 kwa siku. Akifikisha 66, mkono unapumzika siku 4. Kocha anaweza kulia, baba anaweza kupiga kelele jukwaani, fainali inaweza kuwa kesho, hesabu ni hesabu. Na Ligi Kuu mchezaji aliyekuwa majeruhi haruki kutoka kitandani hadi uwanja mkubwa. Anapelekwa kwanza timu za chini, mpigaji hadi siku 20, mrushaji hadi 30, acheze kidogo, apimwe, aongezewe. Kurudi kumewekewa mlango, ngazi na mtu wa kuandika. Hawafanyi hivyo kwa upole. Mkono wa mrushaji ni mali ya mabilioni, nao wameona kwamba mali isiyohesabiwa hupotea. Wa kwetu hauna bei sokoni, basi tunauachia Mungu na ujasiri.

Wapo watakaosema, hayo ni ya matajiri. Sikubali. Karatasi si ya matajiri. Hospitali ikimruhusu mwanafunzi, inaweza kumpa karatasi mbili, moja ya mzazi na moja ya mwalimu wa michezo, imeandikwa kwa Kiswahili cha kawaida: wiki hizi anatembea tu, wiki hizi anakimbia mstari ulionyooka bila kugeuka ghafla, kuanzia hapa anarusha pasi fupi, si zaidi ya idadi hii, mechi ni baada ya kuonwa tena kliniki. Mtaalamu wa mazoezi tiba hayo anayajua kichwani na huyasema kwa mdomo. Yanapotea kwenye daladala kabla hayajafika nyumbani.

Kuna gharama ambayo karatasi haiiponyi, nakubali. Familia ya Tarakea au ya milimani Same ikiambiwa irudi kliniki kila wiki, nauli ya watu wawili na siku ya shamba iliyopotea vinatosha kuwafanya waache baada ya safari ya pili. Ndiyo maana nawaona wazazi wengi wakiishia kwa mzee anayeunga mifupa kijijini. Madaktari humlaani, na wana sababu, kwa sababu kukanda mfupa ambao haujashikana kumewalemaza watoto. Ila kuna jambo moja yule mzee anawazidi: yupo. Anakuja kila jioni, anagusa mkono, anauliza mtoto amelalaje, anamwambia fanya hivi. Ufuatiliaji ameuelewa. Laiti mhudumu wa afya wa kijiji angefundishwa mazoezi kumi ya msingi na kupewa ile karatasi, angefanya kazi ya mzee bila kukanda chochote.

Arusha tuna mfano wetu mkubwa wa nini kinahitajika, na ni mfano wa msiba. Mei 6, 2017 basi la Shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Karatu. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walitoka wakiwa hai, wamevunjikavunjika. Walisafirishwa hadi Sioux City, Iowa, wakifuatana na mama zao pamoja na daktari na muuguzi kutoka hapa nchini, wakafanyiwa upasuaji, wakafanyishwa mazoezi siku baada ya siku, na Agosti wakashuka uwanja wa ndege wa KIA mbele ya umati. Watu walisema ni muujiza. Sitabishana na mtu kuhusu Mungu. Ninachokiona ni kwamba kila mtoto alikuwa na mama yake pembeni, wataalamu waliomfuata kila siku, na mji mzima uliokubali kwamba miezi mitatu si muda mrefu. Watoto wengine waliovunjika mwaka huohuo kwenye barabara zetu, mmoja mmoja, bila kamera, walipata nini?

Bado sijamgusa yule ambaye hatarudi kabisa, na kila darasa linaye. Roy Campanella alikuwa mdakaji nyota wa Dodgers, klabu nyingine ya Ligi Kuu ya Marekani. Januari 1958 gari lake liliteleza, shingo ikavunjika, akapooza. Hapakuwa na ngazi ya chini ya kumfaa, hata Sherman. Lakini Mei 7, 1959 watu 93,103 walijaa uwanjani Los Angeles kwa heshima yake, na kwa miaka mingi baadaye, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, klabu ilimtumia kufundisha wadakaji vijana. Macho yake yalikuwa yanaujua mchezo kuliko miguu ya wengi. Shule zetu mtoto wa namna hiyo tunampa pole, tunamchangia, kisha tunamweka darasani wakati wenzake wako uwanjani, asije akahuzunika. Kumbe angeweza kuwa na daftari. Netiboli ina hesabu, riadha ina saa, voliboli ina karatasi ya alama. Waamuzi na makarani tunawatafuta kila msimu hatuwapati.

Serikali iliamua kujenga uwanja mkubwa kule Olmoti, Arusha, kwa ajili ya AFCON 2027, na mimi nitakuwa wa kwanza kununua tiketi. Humo ndani kutakuwa na chumba cha tiba kwa wachezaji wa mataifa. Naomba tu afisa michezo wa kila wilaya, kabla ya msimu ujao wa UMISSETA, aweke sharti moja kwenye usajili: mwanafunzi aliyelazwa kwa kuvunjika au kupasuliwa ndani ya mwaka mmoja asisajiliwe bila karatasi ya kliniki inayosema anaruhusiwa kufanya nini. Walimu watalalamika kwamba wilaya jirani itawachezesha majeruhi na kuchukua kikombe. Ndiyo maana sharti liwe la mikoa yote miwili, Kilimanjaro na Arusha kwa pamoja, na timu itakayokutwa imemchezesha majeruhi inyang'anywe pointi kama inavyonyang'anywa ikichezesha mamluki.